Somo la Ufugaji Mjini: Kumpatia Mbwa Mzima Makao Mapya

Katika somo hili tutamtumia mbwa mmoja wa mfano, tumwite Simba. Ana umri wa miaka 6 na amelelewa Buruburu tangu akiwa mdogo, katika nyumba yenye ua nyuma. Sasa ua huo umejengwa vyumba vya kupangisha, na wenyewe wanahamia orofa ya tatu huko Umoja, ambako mwenye jengo haruhusu mbwa. Simba aende wapi?

Swali hili si geni Eastlands. Mtaa wa Buruburu ulijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, na nyumba zake zilikuwa na ua. Leo sehemu nyingi za ua zimegeuka vyumba. Ua unapokwisha, mbwa naye hukosa pa kukaa.

Baadhi ya watu humfungulia mbwa lango usiku akajitafutie, au humbeba kwa gari na kumwacha karibu na soko au jaa la taka. Mbwa aliyezoea kulishwa hateseki peke yake. Chanjo yake ikipitwa na wakati, anaweza kuambukizwa kichaa cha mbwa na kukileta kwa watoto wa mtaa. Akiwa jike, hubeba mimba kwa takriban siku 63, na watoto wake huzaliwa barabarani.

Iko njia bora. Mbwa mzima anaweza kuzoea nyumba nyingine, mradi akabidhiwe kwa mpango na kwa ukweli.

Kabla ya kutafuta mpokeaji

Anza mapema, angalau mwezi mmoja kabla ya kuhama. Mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo achunguzwe, apewe dawa ya minyoo, na achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kama muda wa chanjo umepita. Mbwa anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji wiki kadhaa kabla ya kinga kukamilika, kwa hivyo usingoje siku ya kuhama. Hifadhi cheti cha chanjo, kwa sababu kitaenda naye. Muulize daktari pia kuhusu kumhasi dume au kumfunga jike uzazi.

Kisha andika habari zake kwenye karatasi moja: umri wake, chakula na saa za kula, mahali anapolala, maneno anayoyaelewa, na vitu vinavyomtisha. Eleza kama amezoea watoto, paka, kuku au mbwa wengine.

Kama amewahi kumuuma mtu, sema. Wengi huficha jambo hili wakihofia mbwa atakataliwa. Lakini mpokeaji asiyejua atamwacha na mtoto, na siku atakapouma, mtoto ataumia na mbwa atalipia kosa la aliyenyamaza. Mbwa aliyeuma vibaya asikabidhiwe mtu yeyote kabla daktari wa mifugo hajatoa ushauri.

Kumchagua mpokeaji

Anza na wanaomjua mbwa: jamaa, majirani, waumini wenzako. Usimkabidhi kwa mtu uliyekutana naye langoni tu. Fika nyumbani kwake uone kama ukuta au ua umefungwa vizuri, kama kuna kivuli na maji, na kama kila mtu wa nyumba hiyo amekubali. Ikiwa ni nyumba ya kupanga, hakikisha mwenye nyumba ameridhia.

Uliza pia anamtakia kazi gani. Wengi hutafuta mbwa mzima kwa ajili ya ulinzi, na hilo si kosa. Lakini anayepanga kumfunga kwa mnyororo mfupi mchana kutwa hatapata mlinzi mzuri. Mbwa wa namna hiyo hujaa woga na hasira, na huweza kumuuma hata mwenyeji.

Ukikosa mpokeaji, wasiliana mapema na shirika la ustawi wa wanyama la KSPCA, lenye makao yake Karen, uulize kama lina nafasi. Usimwache mbwa nje ya lango la shirika wala la kliniki.

Siku ya kukabidhi

Tuseme Simba amepata familia Ruai. Asafirishwe kwa gari la binafsi au pikapu, akiwa amefungwa kamba na mtu anayemjua ameketi kando yake. Mbebee sahani yake, gunia au blanketi analolalia, na chakula chake cha siku chache. Usifue vitu hivyo, kwani harufu ya nyumbani humtuliza.

Mbwa wengi hujaribu kurudi walikotoka. Simba akitoroka, atajikuta kwenye Barabara ya Kangundo, katikati ya matatu na malori. Kwa hivyo lango lifungwe kabla hajashushwa, na asitolewe nje bila kamba kwa wiki kadhaa za mwanzo. Mvike mkanda wa shingo wenye nambari ya simu ya mwenyeji mpya.

Siku 3, wiki 3, miezi 3

Wanaohudumia mbwa hutumia kipimo hiki, ingawa kila mbwa ana mwendo wake.

Siku 3 za kwanza ni za woga. Huenda asile vizuri, ajifiche au alie usiku. Mpe pembe tulivu na maji, na usialike majirani kuja kumwona. Asipobweka mgeni anapoingia, usiseme hafai. Mbwa hawezi kulinda nyumba ambayo bado haijui kuwa ni yake.

Katika wiki 3 huanza kuelewa ratiba. Alishwe saa zilezile. Chakula kipya, uwe ugali na dagaa au kingine, kichanganywe na cha zamani kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja ili asiharishe. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, maana huvunjika na kuwa vipande vyenye ncha kali. Kukiwa na mbwa mwingine, wakutanishwe nje ya ua, wote wakiwa kwenye kamba, na walishwe mbalimbali.

Kufikia miezi 3 wengi huwa wametulia. Mkubaliane tangu mwanzo kwamba mambo yasipofaulu katika kipindi hiki, mpokeaji atampigia simu mwenye mbwa wa zamani kabla ya kumpa mtu mwingine.

Watoto na usalama

Kulingana na Shirika la Afya Duniani, asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya miaka 15. Wafundishe watoto wasimguse mbwa anapokula au kulala, wasimkumbatie wala kumkimbiza. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa mgeni.

Mtu akiumwa, oshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini mara moja, hata kama jeraha ni dogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufariki; lakini chanjo ikitolewa kwa wakati huzuia. Mjulishe pia afisa wa mifugo.

Sheria inasemaje?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo leseni za mbwa. Kwa hivyo mpokeaji aulize ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yake kuhusu leseni na chanjo. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumnyima mnyama chakula au maji. Aliyehama na kumfungia mbwa katika ua mtupu asidhani ni jambo la nyumbani kwake tu.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Tukihama mwezi ujao, nani angempokea mbwa wetu, na tungemweleza nini?
2. Cheti chake cha chanjo kiko wapi, na tarehe ya chanjo ijayo ni lini?
3. Je, kuna tabia ya mbwa wetu ambayo tungeona aibu kuitaja? Hiyo ndiyo ya kuandika kwanza kwenye karatasi yake.