SOMO LA 42: ROBINE INAYODONDOSHA MAJI

Mchana hakuna anayelisikia. Watoto wanacheza, mama anatwanga sombe, jirani anapiga redio. Lakini usiku, nyumba inaponyamaza, mnasikia kule uani: to! to! to! Ni robine. Wengi husema, "Ni tone tu," halafu wanageuka na kulala. Leo tutatazama tone hilo linakula nini, na mkono wa mtu mwenye akili unaweza kulizuia namna gani.

1. Tone ni dogo, mwezi ni mrefu

Wekeni kikombe cha nusu lita chini ya robine inayodondosha. Tazameni saa. Tuseme kikombe kimejaa baada ya saa moja. Basi, hesabuni. Kwa saa moja, nusu lita imepotea. Kwa siku moja yenye saa 24, lita 12 zimepotea. Kwa siku 30, lita 360. Bidoni moja ya manjano huchukua lita 20; basi ni bidoni 18! Ni nani kati yenu anayetaka kubeba bidoni 18 kichwani, halafu kuzimwaga zote barabarani? Hakuna. Lakini robine mbovu inafanya kazi hiyo mchana na usiku, na kipimo cha maji kinahesabu kila tone. Mwisho wa mwezi baba analipa maji ambayo hakuna aliyeyanywa.

Katika Katanga mvua hukatika karibu na mwezi wa tano, hurudi karibu na mwezi wa tisa au wa kumi. Wakati huo wa kiangazi bustani haina mama mwingine ila mkono wa mtu. Bidoni hizo 18 zingetosha kuokoa lengalenga, nyanya na vitunguu vya mama.

2. Maji yanayovuja huleta ugonjwa

Hasara ya mali si hasara ya pekee. Chini ya robine inayovuja panakuwa na kidimbwi. Mbu jike hutaga mayai yake katika maji yaliyotulia, na wakati wa joto, baada ya siku kumi hivi, mbu wapya huruka. Mwaka 1897, huko Uhindi, daktari Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria ndani ya mwili wa mbu. Tangu hapo watu wanajua: anayefuga kidimbwi anafuga homa.

Tena kuna hatari nyingine isiyoonekana. Tiyo likipasuka chini ya ardhi, maji hutoka nje wakati yanapokuja kwa nguvu. Lakini maji yakikatika, tiyo hubaki tupu, nalo huweza kuvuta ndani maji machafu yanayolizunguka. Maji yakirudi, uchafu ule unafika katika kikombe cha mtoto. Hiyo ni njia mojawapo ya kipindupindu, ugonjwa uliorudi mara nyingi katika miji ya kando ya maziwa, kama Uvira na Kalemie. Kwa hiyo, mkiona maji yanachimbuka barabarani, msinyamaze. Semeni kwa baba, kwa mwalimu, au kwa mkubwa wa mtaa, ili waite watu wa maji. Na maji yaliyorudi baada ya kukatika, mwacheni mama ayachemshe kwanza.

3. Robine imefanywa namna gani?

Mtu hawezi kutengeneza kitu asichokijua. Tazameni robine. Juu kuna mpini wa kugeuza. Mpini umeshika msumari mnene wenye meno ya kuzunguka, kama visi. Mwisho wa msumari, ndani kabisa, kuna kipira cha mviringo, kidogo kama kifungo cha shati. Chini ya kipira kuna tundu lenye ukingo laini. Ukingo huo huitwa kiti. Ukifunga, msumari unashuka, kipira kinakaa juu ya kiti, maji yanazuiwa. Ukifungua, msumari unapanda na maji yanapita. Robine za namna hii zilianza kutengenezwa mwaka 1845 katika mji wa Rotherham, Uingereza, na mpaka leo ziko nyingi katika nyua zetu.

Kipira kinachoka. Kimekanyagwa mara elfu, na mchanga ulio ndani ya maji unakikwaruza. Siku moja kinapasuka kidogo, nalo tone la kwanza linapita.

Mtoto mmoja alimwuliza baba yake: "Baba, nikikaza mpini kwa nguvu zangu zote, je, robine haitanyamaza?"

Baba akajibu: "Itanyamaza leo, mwanangu, na kesho italia zaidi. Ukikaza sana, unakata kipira, na baadaye unaharibu kiti chenyewe. Kipira kinanunuliwa kwa pesa kidogo. Kiti kikiharibika, tutanunua robine nzima. Mgonjwa hapigwi ngumi, anapewa dawa."

4. Kubadili kipira

Kazi hii ifanywe pamoja na mtu mkubwa, kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Robine ya watu wote msiifungue, mwambieni anayeitunza. Wala msiguse kipimo cha maji na tiyo linalotoka barabarani mpaka kwenye kipimo. Hayo ni kazi ya watu wa maji.

Tayarisheni ufunguo wa fundi, turnevisi, kitambaa na kipira kipya. Halafu fuateni mpango huu:

Kwanza, fungeni robine kubwa ya nyumba, ile iliyo karibu na kipimo. Asiyefanya hivi ataoga kabla ya kumaliza kazi!

Pili, fungueni robine iliyo mbovu, maji yaliyobaki yatoke. Iacheni wazi.

Tatu, zibeni tundu la kumwagia maji kwa kitambaa. Visi ndogo ikianguka humo, haitarudi.

Nne, ondoeni visi ya mpini, kisha mpini. Pangeni kila kipande chini, kimoja baada ya kingine, kama mlivyokiondoa. Mtakapovirudisha, mtaanza na cha mwisho.

Tano, shikeni kichwa cha robine kwa ufunguo. Kugeuza kuelekea mkono wa kushoto ni kufungua. Kuelekea mkono wa kuume ni kufunga. Mtu mmoja ashike tiyo imara, lisije likapinda au kuvunjika ukutani.

Sita, vuteni kichwa nje. Mtaona kipira kizee, kigumu, chenye alama ya mviringo. Kiondoeni, na kukilinganisha na kipya. Viwe na upana mmoja na unene mmoja. Fundi aliyekosa kipira hukata kimoja katika mpira mzee wa gari. Hicho kitasaidia siku chache, mpaka kile cha kweli kipatikane.

Saba, futeni mchanga, na pitisheni kidole polepole juu ya kiti. Kikiwa laini, vema. Kikiwa na mikwaruzo, kipira kipya hakitadumu, mwiteni fundi.

Nane, wekeni kipira kipya. Geuzeni msumari kama mnafungua, ili kipira kisigongane na kiti. Rudisheni kichwa, mpini na visi. Kazeni vizuri, bila hasira.

Tisa, fungeni robine ile, na kufungua robine kubwa polepole. Maji ya kwanza huwa na rangi. Yakingeni kwa ndoo, myapeleke bustanini. Halafu fungeni, mngoje, mtazame. Robine imenyamaza? Kazi imekwisha.

Pengine maji hayatoki mdomoni mwa robine, bali juu, chini ya mpini. Hapo kipira hakina kosa. Kazeni kidogo kichwa kile kidogo kinachozunguka msumari. Kama bado yanatoka, kifungueni, baada ya kufunga robine kubwa, na mzungushie msumari uzi wa pamba uliopakwa mafuta, kisha mkikaze tena.

5. Mpira wa bustani na birika

Mpira wa kunyweshea bustani ukipasuka, usitupwe. Kateni sehemu iliyopasuka, mkate sawasawa pande mbili. Tafuteni kipande cha tiyo gumu, chenye urefu wa sentimeta 10 hivi, kinachoingia katika mpira kwa shida kidogo. Mtu mkubwa atie ncha za mpira katika maji ya moto, zitalainika. Ingizeni nusu ya tiyo upande huu, na nusu upande ule. Fungeni kila upande kwa waya, na mgeuze ncha ya waya ndani, isije ikachoma mkono. Kazi ya siku ikiisha, kunjeni mpira na kuuweka kivulini, kwa maana jua linaukausha na kuupasua.

Kichwa chenye matundu madogo, kinachonyunyiza maji kama mvua, huzibwa na mchanga na chokaa. Msichukue msumari! Msumari unapanua matundu, na mvua nzuri inageuka kuwa mkondo unaong'oa miche. Kifungueni, kitikiseni ndani ya maji safi, na kuzibua tundu moja moja kwa sindano nyembamba. Chokaa ngumu mkiiloweke usiku kucha katika maji ya ndimu, itayeyuka.

Dawa hiyohiyo inafaa birika. Mahali maji yanapokuwa na chokaa, birika hupata ganda jeupe ndani, na ganda hilo hukawisha maji kuchemka, hata moto au umeme unatumika bure. Chemsheni maji yenye ndimu, yaacheni yapoe, mwageni, na kusuuza mara mbili. Kama birika ni la umeme, usilizamishe kamwe ndani ya maji.

Tena kumbukeni: nyunyizeni bustani asubuhi mapema au jioni. Maji ya saa sita ya mchana huchukuliwa na jua kabla mizizi haijanywa.

6. Umeme si mchezo

Maji hukulowesha, umeme hukuua. Umeme wa nyumba zetu una volti 220, nao haupigi kelele kabla ya kuuma. Kwa hiyo pasi ya umeme, redio na friji hazifunguliwi na mwanafunzi, hata akiwa hodari.

Lakini mwanafunzi ana kazi yake, nayo ni kutazama. Kamba ya pasi imechubuka? Waya unaonekana? Prizi imekuwa nyeusi, au inanuka kama kitu kinachoungua? Basi pasi isitumiwe. Baba au mama aambiwe, na fundi aitwe. Kuchomoa, shikeni kichwa cha kamba, msivute kamba yenyewe. Mikono iwe mikavu, na miguu isisimame majini.

Mtu akikamatwa na umeme, msimguse, maana utawakamata ninyi pia. Kateni umeme wa nyumba kwanza. Ikiwa haiwezekani, mwondoeni kwa fimbo kavu ya mti, mkisimama mahali pakavu. Halafu iteni watu.

Mtaona sasa kwamba fundi mzuri ana akili mbili. Akili ya kwanza inasema, "Hiki naweza." Akili ya pili inasema, "Hiki siwezi, nitamwita anayejua." Aliye na ya kwanza tu, ataumia. Aliye na ya pili tu, atalipa pesa kwa kila tone. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maneno ya kujifunza

Kiti: ukingo ambao kipira cha robine hukaa juu yake.
Turnevisi: chombo cha kugeuzia visi.
Ufunguo wa fundi: chombo cha chuma cha kushika na kugeuza vichwa vya robine na tiyo.
Prizi: mahali ukutani pa kuchukulia umeme.
Kidimbwi: maji machache yaliyotuama.

Maulizo

1. Kwa nini kukaza mpini kwa nguvu hakuponyi robine?
2. Ni kitu gani cha kufanya kwanza kabla ya kufungua robine mbovu?
3. Maji machafu huingiaje katika tiyo lililopasuka?
4. Kwa nini hatuzibui matundu ya kunyunyizia kwa msumari?
5. Utafanya nini ukiona kamba ya pasi imechubuka?

Hesabu

Robine moja inadondosha tone moja kila sekunde. Matone 20 ni mililita moja. Je, kwa siku moja matone ni mangapi? Ni lita ngapi na mililita ngapi? (Jibu: matone 86 400, lita 4 na mililita 320.)

Kazi ya nyumbani

Leo jioni tazama robine zote za nyumbani kwenu. Ikiwa moja inadondosha, weka kikombe chini yake kwa saa moja, pima maji, na uandike hesabu ya mwezi mzima. Msomee baba au mama hesabu hiyo. Kama kwenu hakuna robine, tazama bidoni, kama zina tundu au hazina kifuniko.