Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni neno la kweli, maana mgeni mwema huleta baraka. Lakini kila mama wa nyumba ajua kwamba yuko pia mgeni ambaye akiisha kuondoka huacha nyuma yake uchovu na majuto. Jambo hili yafaa lifikiriwe na wanakwaya, wapiga ngoma, waigizaji na wachoraji wetu, wanaojitolea kwenda majuma mawili au matatu kufanya utume wa sanaa kati ya watu wa kabila au nchi nyingine. Safari ya namna hiyo hufaulu au huharibika kabla gari halijaondoka, yaani katika siku zile ambapo wasanii hujifunza pamoja.

Tutwae mfano wa Nyarugusu, katika Wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma. Kambi hiyo ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1996, Wakongo wa Kivu ya Kusini walipovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita. Mwaka 2015 Warundi nao walikimbia kwa maelfu. Wengi walipitia kijiji cha Kagunga, ambako kipindupindu kiliwapata, na kutoka huko meli ya MV Liemba iliwachukua makundi kwa makundi hadi mjini Kigoma. Kabla ya mwaka huo kwisha, kambi ilikuwa na watu zaidi ya 150,000. Nao Waha, wenyeji wa nchi hiyo, ni jirani zao. Tena mtu haingii kambini kwa kutaka tu: kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi chahitajika. Basi wasanii wanaojiandaa kwenda mahali kama hapo wajifunze nini?

Kwanza, wajifunze kusikiliza lugha. Kirundi na Kiha ni ndugu, na wasemao lugha hizo husikilizana. Mkongo naye husema Kiswahili, lakini si kama cha Unguja: yeye aweza kusema “batoto” pale tusemapo “watoto”. Kijana wetu akicheka, au akianza kumsahihisha mtu mzima mbele ya wanawe, amekwisha kufunga mlango ambao nyimbo kumi hazitaufungua. Kwa hiyo kikundi kifanye mazoezi ya kuamkia watu, na ya kuigiza pamoja na mkalimani, huku kikimwachia nafasi ya kusema.

Pili, wajifunze maana ya vitu wavichukuavyo. Kwetu ngoma ni chombo, tena ni mchezo. Kwa Warundi neno “ingoma” lamaanisha ngoma na utawala pia, kwa kuwa ngoma ilikuwa alama ya mwami. Ngoma zao za kifalme ziliandikwa na UNESCO mwaka 2014 kati ya urithi wa wanadamu. Kwa desturi zilipigwa na wanaume, na amri ya Rais wa Burundi ya mwaka 2017 iliwakataza wanawake kuzipiga. Hatusemi kwamba binti zetu waache ngoma zao nyumbani. Twasema waulize wazee kwanza, na mazoezini wawe wamekwisha kuandaa wimbo mwingine, ili jibu likiwa “hapana” pasiwe na manung’uniko. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliagiza kwamba muziki wa mataifa upewe heshima yake. Heshima hiyo haiwezekani bila kuuliza.

Tatu, wajifunze kutogusa kidonda. Mchezo wenye milio ya bunduki waweza kuwafurahisha watu wa mjini, lakini mtoto aliyeisikia bunduki ya kweli atatafuta pa kujificha. Msanii asimwombe mtu aigize kukimbia kwake mwenyewe. Asipige picha bila ruhusa, maana uso ukionekana huko ulikotoka waweza kuwaponza ndugu waliobaki. Wala asiahidi kurudi wala kuleta kitu, kama hana hakika. Mkimbizi amesikia ahadi nyingi.

Nne, wajifunze kuwa kundi moja. Mpiga gitaa akubali kufundishwa na mchoraji, na mwimbaji hodari akubali kukaa kimya. Wagombanao nyumbani watagombana ugenini, nao wenyeji, wenye mizigo yao ya kutosha, watakuwa waamuzi wa ugomvi wa wageni.

Njia hii si ndoto. Katika miaka ya 1982 na 1983 walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando, walikwenda Malya, mkoani Mwanza. Hawakufika na mchezo uliokwisha kutungwa. Walikaa na wanakijiji, wakatafuta pamoja nao shida zinazowasumbua, hasa mimba za wasichana wa shule. Sanaa ya Wasukuma wenyewe, kama wigashe, ikawa chombo cha kusemea shida hizo, na baada ya onyesho watu walijadiliana. Wageni walitoa ujuzi wao, lakini neno lilibaki la wenyeji.

Wazazi wapenzi, mwana wenu akiomba ruhusa na nauli ya safari kama hiyo, msiulize tu atalala wapi na atakula nini. Mwulizeni: Mmefanya mazoezi pamoja kwa siku ngapi? Ni nani wa huko aliyewaalika, na ni nani wa huko aliyewafundisha? Siku ya kwanza mtaimba ninyi, au mtaketi kuwasikiliza wao? Asipokuwa na jibu, msimkataze. Mrudisheni mazoezini, na safari ingoje kidogo.