Dondoo muhimu: Jiko la kuni ulilolikuta
Umenunua nyumba ya zamani, tuseme Makole au Area C hapa Dodoma, ukakuta jiko la kuni la matofali? Usiliwashe siku ya kuhamia. Fundi akague kwanza bomba la moshi (nyuki wa Dodoma hawachagui nyumba, huenda wamo humo), akwangue masizi, maana yanaweza kushika moto humo ndani, na azibe nyufa. Kisha choma karatasi moja: moshi ukirudi jikoni, bado. Kuni ziwe kavu. Mbao zenye rangi hapana. Baridi ya Julai isikufanye ufunge madirisha ulale na makaa, sumu yake haina harufu. Majivu yatie kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko. Upepo wa hapa hufufua kaa ulilodhani limezimika. Zimamoto: 114.