Mashine ya betri ya kufungulia nati: ninunue ipi?

SWALI: Ninaitengeneza Corolla yangu mwenyewe, uani hapa Kibenga. Nataka mashine ya betri ya kufungulia nati. Niangalie nini?

JIBU: Ndugu yangu, anza na chaja. Umeme wetu ni volti 220. Mashine iliyotoka Marekani huweza kuja na chaja ya volti 120 pekee, na ukiichomeka ukutani itaungua.

Halafu nguvu. Nati za tairi za Corolla hukazwa kwa takriban Nm 103, ila zikishika kutu hudai nguvu nyingi zaidi. Volti 18, kichwa cha nusu inchi na Nm 400 zinakutosha. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye kasha mara nyingi ni ya kufungulia tu, si ya kukazia. Chukua betri mbili, maana umeme hukatika.

Boksi zake, yaani soketi za kushikia nati, ziwe zile nyeusi, nene. Zile za kung'aa zinaweza kupasuka, na vipande huruka machoni.

Nakusihi, mashine isimalizie kukaza. Anza nati kwa vidole, shusha gari, kisha kaza kwa spana ya kupimia mkazo, ukienda nati kwa nati inayoikabili. Mashine ikikaza kupita kiasi, boliti huvutika na uzi wake kuharibika, na siku ya pancha barabarani spana ya mkono haitaifungua nati hiyo.