Ushauri: Zimwi la korongoni

*Nalea wajukuu wawili, wa miaka 7 na 10. Kati ya nyumba yetu na shule pana korongo ambalo huwa kavu karibu mwaka mzima. Nimekuwa nikiwaambia kuna zimwi humo linalomeza watoto wakati wa mvua. Juzi mkubwa alinicheka. Alivuka maji yakimfika magotini na hakuona zimwi lolote. Sasa niwaambie nini?*
*Nyanya, Mbeere*

Nyanya, mjukuu wako siku ile alijifunza mambo mawili: kwamba zimwi halipo, na kwamba maji yanavukika. Hilo la pili ndilo linalonitia hofu.

Mwambie ukweli, nao unatisha vya kutosha. Mvua ikinyesha juu, upande wa Manyatta au Runyenjes, maji hushuka kuelekea Tana, na huku Mbeere jua linaweza kuwa linawaka. Ndiyo maana korongo hujaa ghafla bila tone kuanguka uani kwenu. Waonyeshe: chimbeni mfereji mdogo kwenye mteremko, mmoja achuchumae chini aweke kizibo cha soda mferejini, nawe umwage ndoo ya maji kule juu. Kizibo kitasombwa kabla hajakidaka. Watacheka, lakini hawatasahau.

Kisha uwape dalili: maji yakibadilika rangi, yakileta povu na vijiti, au mkisikia mvumo kutoka juu, tokeni korongoni mara moja, hata mbuzi akibaki. Mwenzenu akisombwa, msimfuate majini. Pigeni kelele, mtupieni kamba au mtungi mtupu.

Maji yaendayo kasi, hata ya kina cha sentimita 15, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Tarehe 4 Desemba 2021, kule Mwingi, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia Mto Enziu uliofurika. Watu zaidi ya 30 walikufa. Waliokuwa ndani hawakuwa watoto tu. Basi nawe, Nyanya, usikunje leso ukavuka huku wanakutazama.

Ila kuna swali ambalo hukuliuliza: kwa nini kijana alivuka? Nadhani aliogopa kuchapwa kwa kuchelewa. Mtoto akiwekwa kati ya kiboko na maji, atachagua maji, kwa kuwa kiboko anakijua. Muahidi mbele ya mdogo wake kwamba hakuna atakayemgusa kwa kungoja ng'ambo, hata akilala huko. Tafuta nyumba moja upande wa shule itakayowapokea, uwapeleke wakaijue njia. Na shida ikitokea, nambari ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haina malipo.

Mvua za Oktoba zisikukute hujaongea na mwalimu mkuu, ili naye asimwadhibu mtoto aliyecheleweshwa na maji. Nenda wiki hii.