Mrija Mpya wa Eksirei: Kwa Nini Hauwashwi kwa Pupa

Mashine ya eksirei inapofungwa mrija mpya, wananchi hutarajia huduma ianze saa hiyo hiyo. Wataalamu huomba muda zaidi, nao wana sababu. Makambako ni mahali ambapo barabara kuu ya TANZAM hukutana na barabara iendayo Songea. Majeruhi wa ajali huhitaji picha ya mfupa bila kuchelewa, na anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu huhitaji picha ya kifua. Mrija ukiungua katika mji mmoja, mgonjwa hulazimika kufuata huduma mji mwingine, na kutoka Makambako hadi Njombe ni takriban kilomita 60.

Mrija unavyofanya kazi

Ndani ya mrija mna ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa. Upande mmoja ipo kathodi, yenye waya mwembamba unaopashwa moto hadi utoe elektroni. Upande wa pili ipo anodi ya tungsteni. Umeme wa makumi ya maelfu ya volti huzisukuma elektroni hizo zikaigonge anodi. Takriban asilimia 1 tu ya nguvu hiyo hugeuka mionzi. Iliyobaki huwa joto. Mirija ya viwandani, ikaguayo viungo vya kuchomelea vya mabomba na matangi, hufuata kanuni hiyo hiyo, ila mara nyingi kwa volti nyingi zaidi.

Hatari mbili

Ya kwanza ni gesi. Mrija uliokaa ghalani kwa miezi huweza kuwa na chembe za gesi zilizotoka katika metali na kioo chake. Ukipewa volti nyingi ghafla, umeme huruka ndani kama radi ndogo na kuuharibu. Ya pili ni baridi. Tungsteni ikiwa baridi hupasuka kwa urahisi. Joto kali la ghafla huitia ufa. Katika asubuhi za Juni na Julai mjini Njombe, jambo hili si la kupuuzwa.

Hatua za kufunga na kuzoesha

1. Kukagua kasha na mrija kabla ya kuufunga: ufa, mafuta yanayovuja, au nyaya zilizochubuka.
2. Kuzima umeme mkuu, kisha kusafisha na kukausha vichwa vya nyaya za volti kubwa. Vumbi na unyevu huupa umeme njia ya kuvuja.
3. Kufunga kizuia miale cha risasi, kuondoa watu wote chumbani na kufunga mlango.
4. Kuanza kwa volti chache na mkondo mdogo, kisha kupanda ngazi kwa ngazi kwa kufuata jedwali la mtengenezaji, na kupumzisha mrija kati ya ngazi.
5. Mshale wa mkondo ukirukaruka, kurudi ngazi moja chini na kusubiri utulie. Kulazimisha ni kuua mrija.
6. Kupima mionzi inayovuja na kuhakikisha kuwa mwanga wa kulengea unalingana na eneo la mionzi, kabla ya kumpokea mgonjwa wa kwanza.

Uangalizi wa kila siku

Kila asubuhi, mrija hupashwa kwa miale michache ya nguvu ndogo, chumba kikiwa kitupu. Mashine ikikaa bila kutumika kwa muda mrefu, huzoesheshwa upya. Kila zoezi huandikwa katika daftari la mashine.

Sheria ya Nguvu za Atomu Na. 7 ya mwaka 2003 iliipa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania jukumu la kutoa leseni na kukagua vyanzo vya mionzi. Kwa hiyo fundi asiye na idhini hapaswi kuugusa mrija, hata foleni iwe ndefu kiasi gani.

Wananchi nao wana wajibu: kutoingia chumbani taa ya tahadhari ikiwaka, na mjamzito kumweleza mtaalamu hali yake mapema. Saa chache za kusubiri mrija uzoee ni nafuu kuliko miezi ya kusubiri mwingine.