Dondoo muhimu: Kichujio hakitoshi
Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 inazitaka shule zinazopata punguzo la gharama za intaneti ziweke vichujio vya picha chafu, na ni haki. Lakini kichujio cha shule hakiifuati simu yenye bando lake. Mwanafunzi anahitaji pia mwalimu wa kumweleza alichokiona bila kuogopa adhabu. Wapo wasemao basi afuatiliwe kila aendako. Lakini huko Lower Merion, Pennsylvania, programu ya kusaka kompyuta za shule zilizoibwa ilipiga maelfu ya picha kwa siri, nyingine wanafunzi wakiwa majumbani, na mwaka 2010 wilaya hiyo ya shule ikakubali kulipa dola 610,000 kumaliza kesi. Kabla ya kuwasha ufuatiliaji, waandikieni wazazi kinachoonekana, nani anakiona, na kitafutwa lini.